Peris na Nafasi ya Nane

Kila asubuhi ya shule, kengele ya simu ya Peris ililia mara tatu, na mara zote tatu aliinyamazisha bila kufumbua macho. Mama yake, Teresia, alikuwa ameshaondoka tangu saa kumi na moja na nusu kwenda Walthamstow, kwenye nyumba ya kutunzia wazee alikofanya kazi. Mezani aliacha thamosi ya uji wa wimbi na kikaratasi kilichoandikwa, "Kunywa wote kabla ya kutoka."

Peris hakuunywa. Aliumwaga kwenye sinki, akafungulia maji, kisha akakimbilia kituo cha basi huku koti likiwa kwenye bega moja. Shule yenyewe ilikuwa vituo viwili tu kutoka kwenye ghorofa zao za Tottenham, London, mwendo wa dakika kumi na mbili kwa mtu anayetembea. Lakini ndani ya basi mlikuwa na joto, na hapo ndipo alipokula kifungua kinywa alichokipenda: pakiti ya krispi, vile viazi vikavu vya kukaanga, na soda ya chupa.

Mwezi wa kumi ulipoingia, majani ya miti yakageuka manjano na kuanza kupukutika. Mwalimu wa michezo, Bwana Douglas, akatangaza kwamba atachagua wasichana wanane wa kuiwakilisha shule katika mbio za nyika.

"Andika jina langu kabisa, mwalimu," Peris alisema, akasimama ili darasa zima limwone. "Mimi ni Mkenya. Sisi hatufundishwi mbio, tunazaliwa nazo."

Darasa likacheka, lakini likaamini. Hata yeye aliamini. Jioni alimpigia simu mjomba wake Njoroge kule Nakuru, naye mjomba akapaza sauti mpaka simu ikakwaruza: "Waonyeshe hao damu yetu! Nitawaambia watu wote huku!"

Basi siku ya majaribio ikafika. Filimbi ilipolia, Peris alichomoka kama amefunguliwa kamba. Kwa dakika tatu aliwaacha wenzake nyuma, na upepo baridi ukamburudisha usoni. Dakika ya nne kichomi kikamshika ubavuni. Dakika ya tano krispi na soda vikaanza kumpanda kooni. Akapunguza mwendo, akatembea, akasimama kabisa ameshika magoti. Wenzake wakampita mmoja mmoja, na wa mwisho kumpita alikuwa msichana aliyekuwa na mafua.

"Vipi, Mkenya?" Jennifer, mwanafunzi wa darasa lake, alimwuliza walipofika kwenye makoti yao. Jennifer alikuwa amemaliza wa tatu. "Ulizaliwa nazo, ukazisahau kwenye ndege?"

Wote wakaangua kicheko. Peris alitamani ardhi immeze.

Bwana Douglas akasoma majina ya wasichana sita. "Nafasi mbili nimeziacha wazi," akasema. "Baada ya wiki nne tutakimbia tena. Watakaoshika ya kwanza na ya pili siku hiyo wataingia."

Peris alirudi nyumbani amenuna. Wiki nne! Aliapa kwamba nafasi moja ni yake. Jumamosi akavaa viatu vyake vya michezo, lakini kabla hajagusa kitasa mama yake akaita kutoka jikoni.

"Wewe msichana, unakwenda wapi na hiyo baridi?"

"Nje. Kukimbia." Alijibu kwa Kiingereza, kama alivyozoea, ingawa mama alikuwa ameuliza kwa Kiswahili.

"Peke yako? Na jua likizama mapema hivi? Upepo huo utakupa nimonia. Rudi ndani, ufunge na dirisha."

"Lakini Mama—"

"Lakini nini? Nitakwenda kazini nikikuacha kitandani unakohoa?"

Peris akajaribu kukimbia ngazi za ghorofa, kutoka chini mpaka ya nne. Siku ya kwanza alifika ya tatu, akaishiwa pumzi. Siku ya pili aliishia ya pili. Alipiga ukuta teke, akaumia kidole, akakaa pale pale kwenye ngazi akilia kwa hasira.

Hapo ndipo Daksha, jirani yao wa ghorofa ya chini, alipomkuta. Daksha alikuwa mama wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu na kuendesha duka huko miaka mingi kabla ya kumfuata mwanawe Pradip London. Kiswahili alikizungumza vizuri kuliko Peris. Siku hiyo alikuwa amevaa sari, sweta mbili, na viatu vipya vyeupe vya michezo alivyovitazama kama adui.

"Unalia nini? Mimi ndiye wa kulia," alisema. "Daktari amesema sukari yangu imepanda. Ati nitembee dakika arobaini kila siku. Kila siku! Kwenye upepo huu! Pradip ameninunulia hivi viatu, halafu yeye mwenyewe anakwenda na gari mpaka dukani."

Teresia aliposikia maneno hayo usiku huo, alifurahi mno. "Basi mtakwenda pamoja," akaamua. "Peris atamshika mkono Anti Daksha, na mimi nitakuwa na amani kwamba hayuko peke yake."

"Mama! Nataka kukimbia, siyo kumtembeza mtu!"

"Ni hivyo, au ubaki ndani."

Hakuna kitu kilichomkera Peris mwaka ule kama matembezi ya siku ya kwanza. Walizunguka bustani ya karibu kwa mwendo wa konokono. Daksha alisimama kufunga kamba za viatu. Alisimama kupumua. Alisimama kumsema mbwa wa watu. Manyunyu yakaanza.

"Anti, twende basi!"

"Ninakwenda. Hujaona kwamba ninakwenda?"

"Sijaona."

"Kama una haraka, kimbia mpaka kile kiti kule, urudi. Utanikuta."

Peris akakimbia kwa hasira mpaka kwenye kiti, akarudi. Daksha alikuwa amesogea hatua ishirini. Akakimbia tena. Akarudi. Kila alipochoka alitembea kidogo kando ya Daksha akihema, na kila mwendo ule ulipomchosha roho alitoka mbio tena. Walipofika getini alikuwa amekwenda kwenye kiti na kurudi mara sita, naye hakujua.

Akatoa pakiti ya krispi mfukoni.

"Arre, hizo!" Daksha akacheka bila furaha. "Nilikuwa naziuza Kisumu, boksi kwa boksi. Hizo, na soda, na biskuti. Mchana dukani mtu akisikia njaa, mkono unakwenda kwenye rafu. Ni zako, nani atakuuliza? Miaka ishirini nilikula rafu yangu mwenyewe. Haya, sasa ninatembezwa na mtoto anayeninunia."

Peris alizirudisha krispi mfukoni.

Jumanne iliyofuata, alipotoka shuleni, alimkuta mama amepiga magoti chini ya sinki. Lilikuwa limeziba. Maji machafu yalikuwa yamefika ukingoni. Mama alikuwa amefungua bomba, na ndoo iliyowekwa chini yake ilikuwa imejaa kitu kizito cha kahawia.

Teresia alikichota kwa kijiko, akakinusa. Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga kelele.

"Ni uji wangu," alisema taratibu. "Peris, ninaamka saa kumi alfajiri. Ninaukoroga nikiwa nasinzia. Kumbe ninalisha bomba?"

"Mama, nisamehe. Huwa nimechelewa..."

"Umechelewa kwa sababu gani? Kwa sababu ya simu usiku. Unafikiri sioni mwanga chini ya mlango?"

Peris akainamisha kichwa. Halafu yale yote aliyoyafungia moyoni tangu siku ya majaribio yakatoka kwa mkupuo: Jennifer, kicheko cha wenzake, kichomi, Mjomba Njoroge. "Kila mtu alisema nitashinda! Mimi ni Mkenya! Kwa nini siwezi?"

Mama akafuta mikono, akaketi pale pale sakafuni kwenye maji.

"Nani alikudanganya kwamba sisi tulizaliwa tukikimbia? Mimi nilikimbia kwa sababu shule ilikuwa kilomita nne na mwalimu wa zamu alisimama langoni na fimbo. Kwenda na kurudi, miaka minane, na kule Nyandarua asubuhi majani yanakuwa meupe kwa barafu. Tulikunywa uji, tukala githeri, mahindi na maharagwe, na mboga za shambani, jua likizama tumelala. Hiyo ndiyo damu yenyewe." Akacheka kwa aibu. "Baridi kama hiyo nimeipita kwa miguu mitupu, na wewe ninakufungia dirisha. Hapo nimekosea mimi. Utatoka kila siku, umevaa vizuri. Lakini uji utaunywa mbele yangu hata kama ni kwa picha ya simu."

Kuanzia siku hiyo simu ya Peris ililala jikoni. Aliamka mapema, akanywa uji, akampelekea mama picha ya kikombe kitupu, akatembea mpaka shule huku mabasi yakimpita. Mchana alikula chakula alichofungashiwa, mara githeri, mara viazi vitamu na sukuma wiki, na Jennifer alipouliza, "Hayo majani unakula wewe au ni ya sungura?" alimjibu, "Sungura umewahi kumshinda mbio?" Hata hivyo siku nyingine alitamani kuku wa kukaanga wa dukani mpaka machozi yakamlengalenga.

Na wala hakuona mabadiliko. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Wiki ya pili ikaisha, miguu ikauma tu. Mvua ikanyesha siku nne mfululizo. Saa za Uingereza zikarudishwa nyuma, giza likawa linaingia saa kumi na nusu, ikabidi Daksha amsubiri kwenye lango la shule ili wawahi mwanga. Wanafunzi walimwona Peris akiondoka na mama mwenye sari na viatu vyeupe.

"Kocha wako huyo?" mmoja akadhihaki.

"Eeh, ndiye," Daksha akamjibu kwa Kiingereza. "Na wewe nikikupata nitakukimbiza."

Siku moja ya matope Peris alikaa kwenye kiti cha bustani akakataa kuinuka. "Haisaidii kitu. Niko vile vile."

Daksha akasimama mbele yake, mikono kiunoni. "Siku ya kwanza uliweza kunirudia mara sita. Leo nimehesabu mara kumi na nne, na unanilalamikia bila kuhema. Inuka. Mimi mwenyewe sitaki kutembea, lakini ninatembea."

Kweli Peris hakuwa anahema. Akainuka.

Siku ya majaribio ya pili upepo ulikuwa mkali, na majani mekundu yaliyolowa yalitanda njia nzima. Wasichana kumi na mmoja walisimama mstarini kugombea nafasi mbili. Jennifer na wenzake watano waliokwisha kuchaguliwa walisimama kando kutazama.

Filimbi ikalia. Safari hii Peris hakuchomoka. Aliwaacha watano watangulie, na kila kiungo chake kilimpigia kelele awafuate. Akajizuia. Dakika ya nne ikaja, akasubiri kichomi. Hakikuja. Dakika ya saba wawili kati ya wale watano walianza kutembea, akawapita. Kwenye kona ya uwanja akampita wa tatu.

Mbele walibaki wawili. Wa kwanza alikuwa mbali mno. Wa pili alikuwa msichana mrefu mwenye soksi za bluu, na kilima kidogo cha mwisho kilikuwa kinakuja. Mapafu ya Peris yaliwaka, matope yakamvuta viatu. Akamtazama yule msichana mgongoni, akafikiria kiti cha bustani: mpaka pale, halafu basi. Wakapanda pamoja, bega kwa bega. Juu ya kilima yule msichana akalegea, Peris akateremka kwa nguvu zote zilizobaki na kuvuka mstari akiwa mbele yake kwa hatua mbili.

Alianguka kwenye nyasi. Alipofumbua macho, Jennifer alikuwa amemnyoshea mkono amwinue.

"Kumbe unaweza," Jennifer alisema, bila kucheka. "Mazoezi yetu ni Jumatano. Usichelewe."

Bwana Douglas akaandika kwenye karatasi yake. "Nafasi ya nane," akasema kwa sauti, "Peris."

Kando ya uwanja Daksha alikuwa anapiga makofi peke yake kama umati wa watu. Karibu naye alisimama Teresia katika sare yake ya kazi, ametoka zamu moja kwa moja, ameshika chupa ya maji. Peris aliwaendea akichechemea, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alizungumza Kiswahili bila kuombwa.

"Mama, nimeingia! Mpigie Mjomba, umwambie damu imefanya kazi!"

"Nitampigia, lakini sitamwambia hivyo," Teresia alijibu, akimfungia mwanawe koti mpaka kidevuni. "Damu ulikuwa nayo mwezi uliopita pia, na ulisimama njiani umeshika magoti. Kilichokubeba leo ni kutoka nje kila siku, hata siku ya mvua, hata siku usiyotaka. Ni chakula ulichokula ukiwa umenuna, na usingizi uliolala simu ikiwa jikoni. Mwili haukuonyesha kitu wiki ya kwanza wala ya pili, ukafikiri umekataa. Haukukataa. Ulikuwa unajengeka polepole, na hivyo hivyo ndivyo unavyobomoka ukiuacha. Basi usiuache, mwanangu. Mbio zikiisha, uendelee."

"Na mimi?" Daksha akauliza. "Jana daktari ameniambia sukari imeshuka. Mimi sipewi nafasi?"

Wote watatu wakacheka. Peris akanywa chupa yote ya maji, akajipangusa mdomo kwa mkono wenye matope.

"Mama," akasema, "nyumbani kuna githeri? Nataka sahani kubwa."