Daftari la Nne

"Mbona siku hizi binti yako haji kununua kalamu? Yake haiishi wino?"

Aliyeniuliza hivyo ni jirani yetu mwenye kibanda cha vitu vidogo vidogo. Mtaani tunamwita Mama Redio, maana habari ikimfikia asubuhi, kufika adhuhuri kila nyumba imeshaipata. Siku hiyo nilikwenda kwake kununua uzi wa cherehani. Nikacheka, nikamjibu, "Labda ameanza kuandika herufi ndogo."

"Herufi ndogo," akasema, huku akinitafutia uzi. "Mwezi uliopita alinunua kalamu tatu. Mwezi huu hata moja. Haya, mimi yangu macho."

Nikachukua uzi wangu nikaenda zangu. Mimi huwa najisifu kwamba hakuna jambo linalonipita nyumbani kwangu. Hilo lilinipita.

Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, aliniachia watu wawili. Mmoja ni binti yetu, aliyekuwa na miaka kumi na miwili wakati huo. Wa pili ni mama mkwe wangu, ambaye sote tulimwita Bibi. Bibi alikuwa mkunga kwa miaka arobaini. Alipozeeka macho yake yalizimika, kwanza la kulia, kisha la kushoto. Hakunung'unika. Alisema Mungu amemfungia madirisha ili atulie ndani na kukumbuka. Alitaka jambo moja tu kabla hajaondoka duniani: yale aliyoyaona kazini yaandikwe kitabu.

Basi kila alasiri, binti akisharudi shuleni na kula, aliketi kwenye kigoda karibu na dirisha, daftari likiwa mapajani. Bibi anasema, yeye anaandika. Bibi akampachika jina la Kalamu, nasi wote tukalifuata.

"Kalamu wangu yuko wapi?" alikuwa akiita. "Aje kabla maneno hayajapoa."

Bibi alikuwa na utaratibu wake. Akishasema sentensi moja hunyamaza, anasikiliza mkwaruzo wa kalamu juu ya karatasi. Mkwaruzo ukikoma, anaendelea. Mimi nilikuwa kibarazani nashona sare za shule, nikinasa kipande hiki na kile cherehani inapopumzika. Tulicheka sana alipomsimulia baba mmoja aliyelazimisha kuingia chumbani, akaona damu, akaanguka chini kama gunia. "Nikawa na wagonjwa wawili," Bibi akasema. "Mzima alikuwa yule mtoto peke yake."

Likajaa daftari la kwanza, likafuata la pili na la tatu. Walipofika la nne, wasichana wa mtaani walikuwa wamepata kamba ndefu ya kuruka. Kila alasiri walirukia mbele ya nyumba yetu, wakimwita dirishani.

"Kalamu! Utaota mvi humo ndani!"

"Nakuja!" alijibu. Bibi hutabasamu na kusema, "Sentensi tatu tu, mjukuu wangu, kisha nakufungulia." Mkwaruzo ukaendelea kama kawaida. Siku zile aliwahi kutoka nje kuliko zamani, nami nikafikiri amekuwa hodari wa kuandika.

Kisha Bibi akaugua kifua. Wiki moja hakuinuka. Siku ya mwisho alimwita mjukuu wake, akaushika mkono wake wa kulia, ule wa kuandikia.

"Ile habari ya mafuriko umeiandika yote?"

"Nimeiandika, Bibi."

"Kama nilivyosema?"

"Kama ulivyosema."

Bibi akashusha pumzi ndefu. "Basi. Itamfikia mwenyewe." Alifariki mchana ule, uso wake umetulia kama mtu aliyeshusha mzigo mahali salama.

Baada ya maziko niliapa kwamba kitabu kitatoka. Nilikuwa na kiasi fulani nilichoweka akiba kwa kushona sare. Nikampeleka Kalamu kwa mchapaji mwenye kompyuta, awe anamsomea madaftari, maana mwandiko wake aliuelewa mwenyewe tu. Kazi ilipokwisha nilikaa nikazisoma karatasi zote. Elimu yangu ni ya msingi, nasoma polepole kwa kufuata mistari na kidole, lakini siruki neno.

"Mbona ile ya mafuriko haimo?" nikamuuliza.

Alikuwa anakunja nguo. Hakuinua uso. "Bibi alibadili mawazo, mama. Alisema tuiache."

Nikamwamini. Nilidhani ni siri ya mzazi fulani, na mkunga hubeba siri nyingi. Sikumuuliza tena. Katika daftari la nne kurasa nyingi zilikuwa tupu, nikasema moyoni, maskini Bibi, pumzi zilimwishia.

Kiwandani walitupigia chapa nakala mia moja na hamsini, picha ya Bibi ikiwa kwenye jalada. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kukitoa kitabu ni jambo moja, na kukifikisha kwa msomaji ni jambo jingine. Kwenye duka kubwa la vitabu, lile lenye ngazi za vioo, kijana wa mapokezi alikigeuza mbele na nyuma.

"Mchapishaji ni nani?"

"Ni mimi."

Akanitazama kuanzia kilemba hadi viatu. "Kampuni, mama."

"Basi kampuni ni mimi na huyu binti."

Akatabasamu kwa adabu, akakirudisha mkononi mwangu. Maduka mengine mawili yalitujibu vivyo hivyo. Duka la nne lilikuwa dogo, la mzee mmoja ambaye penseli haikosi sikioni mwake, hata wanafunzi wanamwita Mzee Penseli. Yeye alisoma kurasa tatu akiwa amesimama, akacheka peke yake. Nikajua amemfikia yule baba aliyeanguka kama gunia.

"Niachie kumi," akasema. "Lakini mama, mgongo wa kitabu chako hauna jina. Nikikisimamisha kwenye rafu na vingine, hakuna atakayekiona. Nitakiweka dirishani, uso wake utazame barabara."

Akafanya hivyo. Uso wa Bibi ukawa unatazama wapita njia, yeye ambaye mwishoni hakumwona hata mmoja.

Jumamosi ya tatu tulikwenda kumwongezea nakala. Tulimkuta na mteja, mwanamke wa makamo mwenye sare ya mlinzi na buti nzito, ametoka zamu. Kitabu cha Bibi kilikuwa mkononi mwake, pembe zake zimeshaanza kukunjika.

"Ndio hawa," Mzee Penseli akamwambia. "Huyu ni mkwe wa mkunga, na huyu ni mjukuu."

Mlinzi akavua kofia yake. "Dada, samahani kwa kuwasumbua. Mimi nilizaliwa siku ya mafuriko. Mama yangu alifariki siku hiyo hiyo. Shangazi aliyenilea aliniambia kwamba mama alisema maneno fulani kabla ya kuaga, na aliyeyasikia ni mkunga peke yake. Tukahama, tukapoteana naye. Nimemtafuta miaka mingi. Juzi napita hapa nje, nikaona picha, na chini yake jina alilonitajia shangazi." Akakipapasa kitabu. "Nimekisoma chote, mara mbili. Mimi simo."

Nikamjibu kwa lile nililolijua. "Pole sana, dada yangu. Mama mkwe alisema habari ile iondolewe."

"Iondolewe?" Sauti yake ilishuka. "Kwa nini? Yalikuwa maneno mabaya? Mama hakunitaka?"

Nikasikia kitu kikianguka chini. Kalamu alikuwa ameachia kifurushi cha vitabu.

"Bibi hakusema iondolewe," akasema. "Mimi sikuiandika."

Sote tukamgeukia.

"Kalamu iliisha wino. Nje walikuwa wananiita. Nikaona nikiikwaruza hivyo hivyo, Bibi hatajua. Mwanzoni nilikuwa naandika maneno kwelikweli, nikijua nitayapitia tena kwa wino. Kisha nikachoka, nikawa nachorachora tu. Siku nyingi, mama. Hata aliponiuliza siku ile, nilimdanganya. Na wewe nikakudanganya."

Nilitaka kumpiga, nilitaka kumkumbatia, na sikufanya lolote. Nilimkumbuka Mama Redio na swali lake, nami nikicheka nikisubiri uzi.

Mzee Penseli ndiye aliyezinduka kwanza. "Umesema mwanzoni uliandika maneno kweli? Hilo daftari lipo?"

"Lipo nyumbani."

"Kalilete. Kimbia."

Tulimsubiri. Mlinzi alikataa kiti. Kalamu aliporudi alikuwa anahema, jasho limemlowesha. Mzee Penseli akaliweka daftari la nne mezani, akalifungua kwenye kurasa zile nilizodhani ni tupu. Akaiteremsha penseli sikioni, akailaza upande, akaanza kuipitisha juu ya karatasi taratibu, kama mtu anayepaka mtoto mafuta. Karatasi ikawa ya kijivu, na pale kalamu kavu ilipopita, mistari myeupe ikaanza kujitokeza. Kwanza zikatokea habari nyingine, vipande vipande. Akafunua ukurasa wa tano, akapaka tena. Herufi zikaja. Mlinzi akainama karibu kabisa, akasoma kwa sauti.

"Siku ya mafuriko maji yalifika kizingitini. Mama wa mtoto aliomba dirisha lifunguliwe, asikie mvua. Nikampa mtoto wake. Akamtazama, akaniambia..."

Penseli ikaendelea. Baada ya hapo hapakuwa na herufi tena. Palikuwa na duara, na duara jingine, kisha wasichana wawili wa vijiti wameshika kamba, na wa tatu anaruka katikati. Mzee Penseli akapaka ukurasa uliofuata, na uliofuata, mpaka risasi ya penseli ikachakaa. Maduara matupu.

"Akaniambia nini?" mlinzi akamuuliza Kalamu kwa upole, na upole ule ndio ulionikata moyo. "Jaribu kukumbuka, mwanangu. Hata neno moja."

Kalamu akafumba macho. Nilimwona anatafuta, kwa bidii ambayo laiti angeitumia alasiri ile. Mzee Penseli akamwinamia sikioni, lakini duka ni dogo, sote tulisikia. "Mama gani asiyempenda mtoto wake? Mwambie alisema anampenda. Si dhambi, ni faraja."

Kalamu akafumbua macho, akanitazama mimi. Nikamwomba Mungu kimyakimya anisaidie kunyamaza, maana neno lile tamu lilikuwa hata kwenye ulimi wangu.

"Sikumbuki," akamwambia mlinzi hatimaye, machozi yakimdondoka kidevuni. "Naweza kutunga. Lakini yatakuwa maneno yangu, hayatakuwa ya mama yako. Nisamehe, mama. Sikusikiliza."

Hapo ndipo nilipomshika bega, nikamwambia haya, nanyi mnaosoma myasikie: "Mwanangu, Bibi hakuwa na macho, akaazima ya kwako. Mtu akikukabidhi jambo ambalo hawezi kulikagua, hapo ndipo uaminifu wako unapopimwa, kwa sababu hakuna atakayekukamata. Uliiba mistari michache ukaruke kamba, na aliyeibiwa hata hukuwa unamjua. Leo ulipewa nafasi ya kudanganya tena, ukakataa. Kilichopotea hakirudi. Lakini kuanzia leo sitasita kukukabidhi kitu."

Mzee Penseli alikuwa ameangalia chini. "Mama amesema kweli," akanong'ona. "Nami nilikosea kukushawishi."

Kalamu akajifuta uso kwa mkono wa gauni. Akamwomba mlinzi kitabu chake. Mzee Penseli akampa penseli, Kalamu akaikataa.

"Hii inafutika. Naomba kalamu."

Alipopewa, aliijaribu kwanza kiganjani mwake, akaona wino unatoka. Kisha akafungua ukurasa mtupu wa mwisho, akanakili yale maneno yaliyotokea chini ya penseli, neno kwa neno, bila haraka. Alipofika pale yalipokatika, akaongeza chini yake: Maneno yaliyofuata Bibi aliyasema, nami niliyekuwa mwandishi wake sikuyaandika. Kosa ni langu.

Baadaye aliandika hivyo katika kila nakala, zile za dukani na zile zilizobaki kwenye maboksi chini ya kitanda, kila alasiri kwa majuma mawili, hapo hapo dirishani kwenye kigoda chake. Zilizokuwa zimeshauzwa hatukuweza kuzifikia. Kalamu mbili ziliisha wino, naye alikwenda mwenyewe kwa Mama Redio kununua nyingine.

Lakini asubuhi ile iliandikwa ile moja tu. Alimpa mlinzi kitabu kwa mikono miwili. Mlinzi akasoma, akasoma tena, kidole chake kikasimama juu ya neno "akaniambia" na kubaki hapo muda mrefu. Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni, vioo vikatetemeka. Kisha mlinzi akaliendea dirisha la duka, akafungua komeo, akalisukuma wazi, akasimama kidogo akisikiliza sauti za barabarani. Akavaa kofia yake, akakibana kitabu kifuani, akatoka.