Nakala ya Ijumaa

Wanaume walipokwenda msikitini Ijumaa, chumba cha mitambo kilinuka udongo mbichi. Norlida, aliyebaki peke yake kusimamia nakala za akiba za kompyuta, alidhani bomba linavuja. Kisha akasikia mnong'ono nyuma ya mtambo mkuu: "Nusu yangu iko wapi?"

Mtambo huo ndio uliobeba seva zote za hospitali, zinazotumia mfumo wa Linux. Bosi wake Zulhilmi, aliyeitwa Encik, yaani bwana, alichagua kunakili diski nzima kwa mkupuo, kutoka nje ya seva zenyewe, zikiwa kazini.

"Encik, tuzizime kwanza, au tunakili faili kutoka ndani," Norlida alimsihi. "Linux hushika mengine kichwani kabla ya kuyaandika diskini. Ukiinakili ikiwa hai unapata nusu."

"Saa ya sala nani anaandika? Kula wali wako wa nazi, Lida, acha uoga."

"Manesi wanaandika, Encik."

Akacheka. Mtu akiwa na cheo, hata ujinga wake huitwa uamuzi.

Mnong'ono ulipozidi, Norlida akamleta Tok Jusoh, mganga. Mzee akatawanya mchele wa manjano, akatega sikio kwenye mtambo, akaruka nyuma.

"Huyu hafukuziki, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Hakuja, mmemzaa wenyewe. Mnakata kitu kingali hai, nusu inabaki inahangaika. Acheni kukata."

"Tok, chukua mchele wako ukalishe kuku," Encik akamjibu.

Ijumaa iliyofuata mama yake Norlida, Mak Rokiah, alikuwa amelazwa na kidonda cha mguu. Saa ya sala, nakala ikiendelea, alichomwa penisilini akavimba koo, nusura afe. Daktari akaandika kwenye kompyuta asichomwe tena. "Usilie, wameshaandika," mama alimwambia bintiye kwa simu.

Jioni mto ukafurika, ukauzamisha mtambo. Norlida akapelekwa pamoja na Encik kwenye kituo cha akiba mlimani kuzifufua seva kwa nakala ya mchana.

Zikaamka. "Umeona? Nzima kabisa!" Encik akapiga makofi.

Norlida akafungua jina la mama yake. Umri upo, kidonda kipo, onyo la penisilini halipo. Akapiga simu wodini, ikaita bila kupokelewa, akapiga tena, na harufu ya udongo mbichi ikaanza kupanda kutoka chini ya sakafu ile kavu ya mlimani, ikamjaa puani na kooni, huku kitu kikipumua nyuma ya kisogo chake, mpaka nesi wa zamu mpya akapokea.

"Mak Rokiah? Tumeshamchoma, dada. Kompyuta haikutuambia kitu."

Mak Rokiah alizikwa maji yalipopungua. Encik hakuguswa na mtu. Mafuriko ndiyo yaliyolaumiwa, na nakala bado zinachukuliwa Ijumaa, vilevile.

Tok Jusoh alijitolea kurudi kujaribu tena. Norlida akamkatalia kwa hasira. Wanaume wakienda kusali, yeye husogeza kiti kwenye mtambo mpya na kusubiri harufu.

"Lida," mama yake humnong'oneza, "nusu yangu iko wapi?"