Shada, Kapu na Ndoo Iliyonuka

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Tulia alimsaidia mama yake kukamua ng'ombe wao nyuma ya migomba. Kisha walipeleka ndoo kwenye kituo cha maziwa cha chama chao cha wafugaji pale Mpuguso.

Shuleni, Tulia alikuwa katika klabu ya habari. Mwalimu Ambwene aliwapa kazi ya kulinganisha visoma habari viwili vya mtandaoni, yaani kurasa zinazokusanya habari mpya kutoka tovuti nyingi ili msomaji asihangaike kufungua moja moja. Tulia alipewa kinachoitwa Shada, rafiki yake Yusra akapewa Kapu. Wavijaribu wiki nzima, kisha klabu ichague kimoja cha kuchotea habari za ubao wa langoni, ambao wazazi huusoma.

Tulia alifungua Shada mara moja tu, akapendezwa na rangi zake, akaenda kucheza rede. Siku ya kutoa taarifa alisimama kifua mbele.

"Nimekijaribu wiki nzima, Mwalimu. Hakina kasoro."

Uongo mtupu, tena mchana kweupe!

"Kapu hakina mapambo," alisema Yusra, "lakini kinaleta zile tovuti nilizochagua tu."

"Kama gazeti la kufungia maandazi!" Tulia alimdhihaki. Wenzao wakacheka, na Shada kikachaguliwa.

Kumbe Shada kilichomeka matangazo ya wauzaji katikati ya habari, bila alama yoyote. Wiki iliyofuata Tulia alinakili ubaoni tangazo la wauza magadi, akidhani ni habari: "Tia magadi kwenye maziwa ya jioni, hayataharibika hadi asubuhi." Mama yake alipita langoni akasoma, akaamini. Nani angeushuku ubao wa shule? Jioni ile akatia magadi.

Asubuhi, Jotham, mpimaji wa kituo, alifunua ndoo. Salaala! Maziwa yalikuwa ya manjano, yakivutika kama kamasi, yakinuka sabuni na uozo. Aliyaonja kwa ncha ya ulimi, akatema, akatema tena, akaufuta ulimi kwa kiganja. Ilikuwa kinyaa kitupu, na watu wote waliopanga foleni waliziba pua.

"Gwe Mama Tulia, umetia nini humu? Haya yangeingia kwenye tangi, yangeharibu maziwa ya watu wote! Kanuni unaijua. Anayetia kitu kwenye maziwa anatoka chamani."

"Nilisoma kwenye ubao wa shule," mama alinong'ona.

"Usiisingizie shule!"

Tulia alisogea mbele. Ng'ombe yule ndiye aliyewalisha na kuwavisha. Mama akitolewa chamani, maziwa wangempelekea nani? Alijichukia.

"Ni mimi, mzee," alimwambia Jotham huku akilia. "Mimi ndiye niliyeandika ubaoni. Nilidanganya kwamba nimekijaribu kile kisoma habari. Mama hana kosa."

Mwalimu Ambwene aliitwa, akathibitisha maneno hayo. Chama kikamsamehe mama, na uchafu ule ukamwagwa shimoni. Wiki hiyo Tulia na Yusra walivijaribu visoma habari vyote viwili kila siku, safari hii kwa kweli, na Kapu kikachaguliwa.

"Tulia," alisema Mwalimu, "Jotham hupima kila ndoo kabla ya kuimimina kwenye tangi, hata ya mama yake mzazi. Ukisema umejaribu kitu, watu hulinywa neno lako bila kulionja. Ukiwadanganya, umewanywesha uchafu."