Ngazi ya Vyuo Nyuma ya Jiko la Shule

Kila Ijumaa mchana, wanafunzi wakishamaliza kufagia uwanja, Mwalimu Saulo alitoka ofisini na mfuko wa barua. Mwaka huo wa 1957 Isongole hapakuwa na posta. Barua zote za vijiji vya mlimani ziliandikwa anwani ya shule, zikapandishwa kwa lori kutoka Mbeya mjini, nazo zikafika zimelowa kidogo kwa ukungu wa milima ya Uporoto. Mwalimu alisoma majina, na watoto wakazipeleka makwao.

Tusekile, msichana wa miaka kumi na mitatu wa darasa la sita, alibeba nyingi kuliko wenzake. Upande wake wa mlima hapakuwa na mtu mzima anayejua kusoma ila Mzee Ezekia, mhubiri wa kanisa, naye macho yake yalikuwa yamekwisha kustaafu. Kwa hiyo Tusekile ndiye aliyekuwa macho ya kijiji kizima. Barua ikifika, baba yake, Mzee Isakwisa, aligonga debe, na majirani wakaja na vigoda vyao. Tusekile alipanda juu ya tenga la viazi lililopinduliwa, akasoma mara mbili. Mara ya kwanza watu walisikiliza tu. Mara ya pili ndipo waliporuhusiwa kucheka au kulia, kulingana na habari zenyewe. Akimaliza, mwenye barua alimpa yai au ndizi mbili za kuchoma, na kazi hiyo aliipenda kuliko michezo yote.

Barua alizozipenda zaidi zilikuwa za kaka yake, Anyitike. Huyu alikuwa amemaliza masomo ya kilimo Makerere, kule Uganda, kisha akapata nafasi ya kwenda Uskoti, kwenye chuo kiitwacho Kilmorran. Huko alisomea magonjwa ya viazi. Familia nzima ilitembea kifua mbele kwa ajili yake, na Tusekile alitembea kifua mbele kuliko wote, mpaka siku Matilda alipochora ngazi.

Matilda alikuwa mgeni darasani. Baba yake, dresa wa zahanati, alihamishwa kutoka Iringa, na binti alikuja na maneno ya mjini na viatu vya kamba. Siku moja wakati wa mapumziko aliokota kaa la moto lililozimika, akachora ngazi ndefu kwenye ukuta wa nyuma wa jiko la shule. Juu kabisa aliandika Oksfodi. Chini yake Kembriji. Chini yake Makerere. Chini yake London.

"Hivyo ndivyo vyuo vinavyofuatana," alisema. "Baba aliambiwa na karani wa bomani Iringa, na karani aliambiwa na Bwana Shauri, yule ofisa Mwingereza wa wilaya, ambaye mwenyewe alisoma Oksfodi."

Hakuna aliyejiuliza kama Bwana Shauri angesoma Kilmorran ngazi ingeanzia wapi. Wala hakuna aliyeuliza Makerere ilipandaje juu ya London, ingawa wote walijua kwamba mjomba wake Matilda, Silvester, alikuwa anasoma Makerere.

"Kilmorran iko wapi?" Tusekile aliuliza.

Matilda aliitazama ngazi yake juu mpaka chini. "Sijapata kuisikia."

"Kaka yangu yuko huko. Alianzia Makerere."

"Basi alikuwa ngazi ya tatu, akashuka mpaka chini ya ngazi," alisema Matilda, na darasa zima likaangua kicheko. Hakusema kwa ubaya. Lakini Tusekile uso ulimshuka, na siku hiyo uji wake wa shule aliwaachia wenzake.

Wiki ya pili barua ya Anyitike ikafika. Baba aligonga debe, watu wakajaa uani, na Tusekile akapanda juu ya tenga lake. Alianza vizuri, kwa salamu za wote, hata za mbuzi. Kisha akakutana na maneno haya: "Hapa Kilmorran tuna theluji hadi magotini." Mdomo ukasema: "Hapa Oksfodi tuna theluji hadi magotini."

Baba akasimama. "Wapi?"

"Oksfodi, Tata. Amehamia huko. Ni chuo cha kwanza Ulaya nzima."

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Tusekile alitupia jicho aya iliyofuata ili ajue mbele kuna nini, akaona jina la Kilmorran limo tena, na kuna maneno haya: "Watu wa hapa hutucheka, hutuita chuo cha viazi." Chuo cha viazi! Angeyasomaje maneno hayo mbele ya watu wanaopiga vigelegele? Akairuka aya yote, akatua kwenye salamu za mwisho. Walipotaka mara ya pili, akairuka tena, na safari hii aliruka kwa wepesi zaidi.

Mzee Isakwisa hakulala na habari ile. Jumapili aliitangaza kanisani. Jumanne aliitangaza sokoni Mbeya. Wiki hiyo alipopeleka viazi Chimala na kurudi na mchele, alisimulia jinsi Yotamu, mfanyabiashara wa mchele, alivyompisha kwenye kiti chake na kumwagizia chai. "Miaka yote nimeuza viazi pale nikiwa nimesimama," alisema huku akicheka. "Safari hii nimekaa."

Shuleni Matilda alimwachia Tusekile nafasi ya dirishani bila kuombwa. Kila mtu alikuwa na furaha. Tusekile naye alikuwa na furaha, ila ilikuwa kama ugali wenye mchanga, alitafuna polepole.

Kisha mvua za Februari zikashika, ukungu ukakaa mlimani siku tano bila kuondoka. Jumatatu jioni bibi yake, Tupokigwe, alirudi kutoka shambani akiwa ameshika jani la kiazi.

"Majani yamechoka na baridi," alisema. "Tazama, yana madoa ya kahawia. Na huku chini yameota ukungu mweupe."

Baba alilichukua jani, akalinusa. Miaka miwili nyuma majani yalichoka hivyo hivyo, na katika wiki mbili mlima mzima ukanuka uozo. Mwaka ule walikula ndizi mpaka watoto wakalia wakiziona.

Tusekile alisogea kulitazama jani. Madoa ya kahawia. Ukungu mweupe. Maneno hayo alikuwa ameyaona mahali. Aliingia ndani, akafungua kisanduku cha barua, akaisoma ile aya aliyoiruka.

"Watu wa hapa hutucheka, hutuita chuo cha viazi," aliandika Anyitike, "lakini ugonjwa ulioua viazi vyetu mwaka juzi ndio wanaoujua Kilmorran kuliko wengi. Tata, sikiliza vizuri. Mkiona madoa ya kahawia, na ukungu mweupe chini ya jani, msingoje. Ng'oeni mashina yanayougua, myachome. Yaliyo mazima yanyunyizieni mrututu, ile dawa ya buluu, pamoja na chokaa, kama wakulima wa kahawa wa Tukuyu wanavyofanya. Pandisheni udongo ufunike viazi. Mkichelewa wiki mbili, hamtavuna kitu."

Barua ilikuwa nyumbani wiki tatu sasa.

Shetani, ambaye hana likizo, alimletea mawazo mawili papo hapo. La kwanza: sema barua mpya imefika. Lakini barua hufika Ijumaa, na leo ni Jumatatu. La pili: soma aya yote, ila penye Kilmorran weka Oksfodi. Hilo lingewezekana kabisa. Nani angejua? Lakini alimfikiria kaka yake akirudi, akiulizwa na watu wa Chimala habari za Oksfodi, akionekana yeye ndiye mwongo. Akapiga moyo konde, akachukua debe, akaligonga mwenyewe.

Watu walikuja mbio, maana debe lilikuwa halijapata kugongwa Jumatatu. Tusekile alipanda juu ya tenga.

"Hii si barua mpya," alisema. "Ni ile ile. Sikuisoma yote. Kaka hayuko Oksfodi wala hajawahi kuwa Oksfodi. Yuko Kilmorran. Niliona aibu kwa sababu wanakiita chuo cha viazi, nikairuka aya hiyo, na dawa ya viazi vyetu ilikuwa hapo hapo."

Akasoma aya yote, neno kwa neno. Baba alikuwa anatazama mikono yake.

"Nimekaa kwenye kiti cha Yotamu," alisema taratibu. Tusekile aliona ingekuwa afadhali angechapwa.

Ndipo Mzee Ezekia wa kanisa akakohoa. "Mjukuu wangu, hiyo Oksfodi inajua ugonjwa huu?"

"Sijui, Babu."

"Na hiyo ya viazi?"

"Ndiyo kazi yake, Babu."

"Basi mbona tunalia? Mimi ningekuwa na jino bovu nisingetafuta fundi wa saa, hata kama duka lake lina vioo. Soma tena hapo kwenye mrututu."

Kicheko kilianza kwa wanawake, kikafika kwa wanaume, kikaishia kwa Baba mwenyewe, ingawa chake kilikuwa kifupi. Tusekile akasoma mara ya pili, na safari hii watu walihesabu kwa vidole: kung'oa, kuchoma, kunyunyizia, kupandisha udongo.

Alfajiri Baba aliteremka kwa baiskeli hadi kwenye chama cha wakulima wa kahawa upande wa Tukuyu, akarudi na mrututu wa buluu na mabomba mawili ya kuazima. Tusekile naye alikwenda shuleni, akasimama mbele ya Mwalimu Saulo na darasa zima, akasema tena yale yale aliyoyasema juu ya tenga. Kisha akaiacha nafasi ya dirishani akarudi kwenye nafasi yake ya zamani.

Matilda alimfuata wakati wa mapumziko. "Kumbe hata mimi nilidanganya," alisema. "Makerere niliipandisha mwenyewe. Karani hakuitaja kabisa." Wakatazamana, wakacheka mpaka mpishi akatoka na mwiko kuwauliza wana nini.

Jioni hiyo Matilda alivua viatu vyake vya kamba, akaja shambani kukoroga chokaa. Kwa siku tatu mlima mzima ulifanya kazi, moshi wa mashina yaliyochomwa ukipanda juu ya ukungu, wanawake wakiimba, na Bibi Tupokigwe akipita na bomba mgongoni, usoni buluu tupu, akikataa mtu yeyote kumpokea.

Mvua ziliendelea, lakini madoa hayakuendelea. Mwezi wa nne walivuna. Shamba la chini la Mzee Isakwisa, lililougua mwanzo, lilitoa nusu tu, na Tusekile ndiye aliyepewa kazi ya kuchambua vilivyooza. Mashamba mengine yote yalijaa matenga hadi matenga yakakosekana.

Katikati ya mavuno Anyitike alijibu barua ya kuungama ambayo mdogo wake alikuwa amemwandikia. Tusekile aliisoma mara ya kwanza. Mara ya pili aliisoma Matilda, maana Baba alikuwa ameamuru hivyo: tangu sasa kila barua iwe na wasomaji wawili. Sauti ya Matilda ilisikika vizuri hadi barabarani.

"Mdogo wangu, nimecheka mpaka mwenye nyumba akaja kuniuliza. Nilipofika hapa niliwaonyesha cheti changu cha Makerere, ambacho kwetu watu hukishika kwa mikono miwili. Mmoja akaniuliza kama Makerere ni mto au mlima. Kumbe kila chuo ni kidogo ukikitazama kutoka mbali. Wiki iliyopita walikuja walimu wa chuo kimoja kikubwa, wakavaa mabuti, wakashinda kwenye tope letu wakiuliza habari za viazi. Mwambie Matilda ngazi yake ni nzuri, ila angeilaza chini ili kila chuo kipate pa kusimama."

Matilda alisoma hapo mara tatu, kisha akaomba barua akaionyeshe kwao.

Mzee Isakwisa alikuwa bado na deni moja moyoni. Jumamosi alipakia viazi kwenye lori, akampandisha na binti yake, wakateremka hadi Chimala. Yotamu alipowaona aliinuka kwenye kiti chake. Baba hakukaa. Alimsukuma Tusekile mbele kidogo, na Tusekile akaamkia, akasema kweli yote kwa mara ya tatu. Ilikuwa nyepesi kuliko ile ya kwanza.

"Kumbe," alisema Yotamu. "Na hicho cha kweli ni chuo cha ngapi?"

"Cha ngapi sijui," alisema Mzee Isakwisa, akafungua tenga. "Kazi yake ni hii."

Yotamu aliokota kiazi kimoja, akakigeuza, akakikata kwa kisu, akakikuta cheupe hadi kati. Mwaka ule viazi vizima vilikuwa adimu barabara yote hiyo. Akakisogeza kile kiti. "Kaa, Baba Anyitike," alisema. "Chai inakuja, na ya binti pia."

Wakati wa kurudi, lori likipanda milima na upepo ukipoa, Baba alimfunika Tusekile kwa koti lake.

"Lile jina ulilolichagua lilinipa kiti siku moja," alisema. "Maneno uliyoyaruka yalikuwa chakula cha mwaka mzima. Sisi hatuna macho ya kusoma, mwanangu, tumeazima yako. Kwa hiyo nisomee yote, hata yale ya kuaibisha. Aibu yangu nitaibeba mwenyewe."

"Ndiyo, Tata," alisema Tusekile.

Ijumaa iliyofuata Mwalimu Saulo alipotoka na mfuko, barua ya Mzee Ezekia ilikuwa ya kwanza. Tusekile alimtafuta Matilda, wakapanda mlima pamoja, na jioni hiyo waliisoma yote, hata pale mwandishi alipomwambia mzee kwamba mahubiri yake ni marefu mno.