Filamu Isiyo na Staringi

"Wewe dada wa mtandio wa njano! Ndiyo, wewe! Usitupite kama hutujui. Leo saa tisa ukumbini Biryogo kuna vita ya Wajerumani, mizinga mpaka benchi linatetemeka!"

Soko zima la Nyamirambo, Kigali, likageuka kumtazama Umulisa. Alikuwa na kikapu cha ndizi mkononi, gauni lake la kitenge cha buluu limembana kiunoni, na aibu ikampanda usoni kama moto wa makaa. Aliyekuwa akipiga kelele alisimama juu ya kreti la soda, kijana mrefu, mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi vizuri, kipaza sauti mdomoni.

"Na wewe ukiendelea kunitaja," Umulisa akamjibu, "nitakupa dawa ya koo ulale wiki nzima."

Watu wakacheka. Kijana akashuka kwenye kreti na kukizima kipaza. "Kumbe ni daktari?"

"Nauza dawa tu, dukani Nyakabanda."

"Basi nimeanza kuumwa, Dokta. Mimi naitwa Twahiru."

"Jina nilidhani Redio," akasema Umulisa, akaondoka. Alipofika kwenye kona alijikuta anatabasamu peke yake kama mwendawazimu.

Siku ya pili simu ya duka ililia.

"Allo, duka la dawa?"

"Ndiyo. Nani mwenzangu?"

"Mgonjwa. Usingizi umenihama tangu nilipotoka sokoni."

"Vidonge vipo."

"Vidonge nimeshakunywa. Sasa namtafuta muuzaji."

"Redio, kuna wateja hapa!"

"Nitasubiri. Redio haichoki."

Ikawa hivyo kila siku. Twahiru alipiga simu saa ileile kutoka dukani kwa rafiki yake, na Umulisa alijua ni yeye hata kabla ya kuinua mkono. Jioni walitembea pamoja barabara ya msikiti, yeye upande huu, Twahiru upande ule, maana Biryogo ni mji wa macho. Alipenda kumsikia akieleza kazi yake. Filamu zilikuja kwa lugha za Wazungu, maandishi ya Kifaransa chini, na watu wengi ukumbini hawakuyajua. Twahiru alikaa pembeni ya televisheni akiwageuzia kila neno kwa Kiswahili, akilia sauti ya mwanamke anapolia mwanamke, akikohoa mzee anapokohoa.

Lakini nyumbani kwa Umulisa hapakuwa na kicheko. Ilikuwa mwaka wa tatu wa vita vya serikali na waasi. Mdogo wake wa pekee, Usumani, askari wa serikali, alikuwa ameletwa kutoka mstari wa mbele, upande wa Byumba, na risasi pajani. Mguu ulipona. Mdomo haukupona. Alikaa uani akichonga vijiti bila sababu, na sahani ikianguka jikoni alijitupa chini. Likizo yake ilikuwa inakwisha. Mchana mmoja, mama yao yupo kisimani, alimuuliza Umulisa bila kumtazama, "Dada, nisiporudi, itakuwaje?"

Umulisa alichungulia kwanza mlango wa ua. Alikuwa na mawazo yake: Twahiru alikuwa na mjomba Ujiji, Tanzania, ng'ambo ya mpaka, na kijana mmoja anaweza kupotea huko mpaka dunia itulie. "Tutazungumza," akamwambia. "Kwanza twende ukaone filamu. Kuna mtu nataka umwone."

Ukumbi ulikuwa umejaa, jasho na harufu ya karanga. Umulisa alivaa gauni lake la Idi, la kijani, na Twahiru alipomwona aliisahau kazi kwa muda. Kando ya televisheni walikuwa wamesimama vijana wa chama tawala wenye kofia na marungu, mkubwa wao Évode, mtu wa kucheka kwa meno tu. Umulisa hakuwajali. Walikuwa kila mahali siku hizo.

Filamu ikaanza. Hapakuwa na bendera wala ngoma. Palikuwa na matope, na askari sita wa Kijerumani wamembeba mwenzao aliyevunjika miguu juu ya mlango waliong'oa katika nyumba iliyoungua. Wanatembea. Wanaanguka. Mmoja anakufa, mwingine anashika nafasi yake mlangoni. Umulisa alihisi Usumani ameacha kupumua.

Kisha yule mdogo kuliko wote, kijana wa ndevu za kubahatisha, aliketi kwenye matope, akazungumza huku machozi yanamtiririka. Maandishi ya Kifaransa yalisema wazi: *Sitaki tena. Nirudisheni kwa mama yangu.*

Sauti ya Twahiru ikanguruma kwenye kipaza: "Niacheni nipigane! Nalia kwa hasira! Nchi yangu kwanza!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Umulisa akageuka kumtazama, akidhani masikio yake yamemdanganya. Twahiru hakumtazama. Na kuanzia hapo kila neno la hofu likageuka ushujaa, kila neno la kuomba likageuka tusi kwa adui.

Filamu ilipoisha, chai ikamiminwa na kipaza kikapitishwa kwa watazamaji watoe maoni, kama ilivyokuwa desturi ya ukumbi ule.

"Mimi naona filamu ni nzuri, lakini haina staringi," akasema muuza nyama. "Kila ninayemchagua kuwa staringi, anakufa. Sasa nimshangilie nani?"

"Mimi baba yangu aliwabebea Wajerumani masanduku, enzi zao hapa," akasema mzee mmoja. "Alisema ni watu wasiochoka. Leo nimewaona wamechoka. Nimefurahi, na sijui kwa nini sijafurahi sana."

"Bunduki ni za kweli! Nyumba zinaungua kweli!" akasema mwingine.

Évode akakichukua kipaza taratibu. "Filamu hii inafundisha. Mmemsikia yule mdogo? Analia anataka kupigana. Na hapa mtaani tunao wengine, miguu imepona, bado wanakula ugali wa mama." Akamtazama Usumani. Ukumbi mzima ukamtazama Usumani.

Usumani akainamisha kichwa. Walipofika nyumbani alitoa sare yake sandukuni, akawasha makaa ya pasi.

"Usumani, unafanya nini?"

"Umemsikia, dada. Umri wake ni wangu. Naye anataka kwenda. Mimi mwanamume gani?"

"Hakusema vile! Nilisoma mwenyewe, hakusema vile!"

"Dada, unanihurumia tu," akasema Usumani, akaendelea kupiga pasi.

Umulisa akarudi ukumbini karibu anakimbia. Twahiru alikuwa anakunja nyaya, na Évode amesimama kando yake, anakunywa soda.

"Kwa nini umemtia mtoto wa watu maneno mdomoni?"

"Dada, watu wamekuja kuona vita," akasema Twahiru kwa sauti ngeni, baridi. "Nimewapa vita."

"Dada? Leo mimi ni dada?"

"Nenda nyumbani, Umulisa."

Évode akacheka. Umulisa akasema, "Nilidhani una sauti. Kumbe una kelele tu," akatoka.

Simu ilipolia siku iliyofuata aliinua na kuirudisha. Ikalia tena. "Umekosea namba," akasema. Ilipolia mara nyingine, aliiacha ilie mpaka mteja akamuuliza kama ni kiziwi.

Alasiri Twahiru mwenyewe akaingia dukani. Shati halikupigwa pasi. Alingoja mpaka mama mmoja akaondoka na dawa ya mtoto, ndipo akaegemea kaunta.

"Nipe dakika, kisha unifukuze."

"Ongea. Wewe si ndiyo kazi yako?"

"Kabla ya filamu Évode alinishika bega. Anaye mmoja anayejua Kifaransa, alisimama nyuma yangu. Akaniambia, neno lolote la kuwavunja moyo askari, basi mimi ni *icyitso*, kibaraka wa adui. Unajua wakikupa jina hilo kinachofuata."

Umulisa alijua. Kila mtu Kigali alijua. Alitazama chupa za dawa, hakumtazama yeye. "Ungeniambia."

"Mbele yake? Ungepiga kelele, nao wangejua wewe ni wangu, wakupe jina hilohilo. Ndiyo maana nilikuita dada."

Hasira ikamtoka Umulisa kwa ghafla, akaachwa mtupu. Akakaa kwenye kigoda. "Usumani amepiga pasi sare. Wewe uliogopa, yeye ndiye atakayelipa. Lori la kambi linakuja kesho kutwa."

Twahiru akaangalia mlangoni. Nje pikipiki ilipita, mtu akaita mwenzake.

"Filamu bado iko nami," akasema hatimaye. "Kesho nitaionyesha tena. Mlete."

"Évode atakuwepo."

"Najua."

Sasa hofu ikahamia kwa Umulisa. Alikuwa ameutaka ukweli huo usiku kucha, na sasa unakuja na uso wa mtu anayempenda. Akamshika mkono juu ya kaunta, mchana kweupe, bila kujali nani anapita. "Twahiru, usijiponze kwa maneno ya Mjerumani."

"Ni ya Mjerumani, ndiyo. Lakini mimi ndiye niliyemwibia."

Kesho yake Usumani alikuja ukumbini na sare yake, kama aliyekuja kuaga. Évode na wenzake walikuwa palepale, kando ya televisheni. Twahiru akakishika kipaza kwa mikono miwili. Safari hii hakunguruma. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na jirani ukutani: "Mlango huu ni mzito. Sisikii miguu yangu. Nani alituambia tutarudi kabla ya mavuno?"

Wanawake waliokuwa wakimenya karanga wakaacha.

Yule mdogo akaketi kwenye matope. Umulisa alifumba macho.

"Sitaki tena," akasema Twahiru. "Nirudisheni kwa mama yangu."

"Zima!" Rungu la Évode likagonga ukuta. "Zima hiyo! Anatukana jeshi! Juzi hakusema hivyo!"

Watu wa mbele wakaanza kuinuka, benchi likaanguka, mtu akakimbilia mlango. Kijana mmoja wa chama alikuwa ameshamkamata Twahiru kwenye kola pale Usumani aliposimama. Hakupaza sauti.

"Mwache. Acha filamu iendelee."

"Kaa, askari," akasema Évode.

"Sikai. Mimi nimetoka huko. Tulimbeba mwenzetu kwenye blanketi, mlango hatukuupata. Mtu mkubwa, ana mke. Alimwita mama yake njia nzima. Tulimwambia nyamaza, adui atatusikia. Akanyamaza, tukafurahi, kumbe amekufa." Sauti yake ikakatika, akaitafuta, akaipata. "Sijamwambia mtu. Hata mama yangu. Nilidhani ni sisi tu tuliolia, kwamba sisi ndio wabovu. Évode, wewe unapiga ngoma hapa mjini. Njoo lori la kesho, kuna nafasi. Utakaa pembeni yangu."

Hakuna aliyecheka. Évode aliitazama ile sare, akautazama mshono wa tundu la risasi pajani, na mkono wa mwenzake ukaiachia kola. Wakatoka. Mlangoni Évode alimwelekezea Twahiru kidole kimoja.

Filamu ikaisha. Kipaza kilipitishwa, na kila aliyekipokea alimpa jirani yake. Muuza nyama alikishika muda mrefu, akasema tu, "Mungu atuhurumie," akakirudisha.

Asubuhi lori lilipokuja, Umulisa alimzuia Usumani uani. "Ujiji kuna watu. Twahiru ameshazungumza—"

"Nisipopanda watakuja kumchukua mama wamuulize niko wapi. Naenda, dada. Lakini siendi kwa sababu ya Évode." Akamshika mabega. Macho yake, kwa mara ya kwanza tangu arudi, yalimtazama yeye na si kitu kilicho nyuma yake. "Yule wako alikuwa anatetemeka, niliona kipaza kinacheza mkononi. Akasema vilevile. Olewa naye."

Lori likaondoka. Mama yao alisimama barabarani mpaka vumbi likatua.

Vijana wa Évode walimpata Twahiru siku hiyohiyo, akitoka kusali adhuhuri. Majirani walimbeba mpaka duka la dawa. Mdomo ulikuwa umevimba kama embe, jicho moja limefungwa. Umulisa alimsafisha kwa iodini, machozi yakimdondokea kwenye mikono, huku akimkaripia ili yeye mwenyewe asiangue kilio.

"Tulia! Redio imeharibika, inatoa mikwaruzo tu."

"Nshkie hta hvyo," akanong'ona Twahiru.

"Nini?"

"Nisikie. Hata hivyo." Akameza mate kwa shida. "Mwenye ukumbi amefunga. Wamesema wakinikuta tena majirani watanibeba kunipeleka kaburini. Kesho naondoka. Nataka kukuoa. Sina siku ya kukuomba vizuri."

Umulisa alifunga chupa ya iodini taratibu. Alifikiria mama, kitanda cha Usumani, mji huu ulioanza kunuka moshi usioonekana. "Sikufuati Ujiji kama mzigo," akasema. "Nakwenda nikiwa mke wa mtu. Mlete sheikh kwa mama leo, kabla ya magharibi."

Basi wakaja. Umulisa alivaa gauni la kijani na mtandio mweupe wa mama yake, mikono haikuwa na hina. Sebuleni palikuwa na sheikh, baba mdogo mmoja wa kumwozesha na mashahidi wawili wanaotazama mlango kila mara. Ilipofika zamu ya bwana harusi kujibu, sheikh aliutazama mdomo ule, akasema kwa huruma, "Mwanangu, ukitikisa kichwa inatosha."

Twahiru akakataa. Akavuta pumzi, akatamka neno baada ya neno, "Nimekubali kumwoa Umulisa," na mdomo ukapasuka, damu ikashuka kidevuni mpaka kwenye kanzu ya kuazima. Umulisa, nyuma ya pazia, aliyasikia yote.

Mama hakutaka kwenda. "Nani atamfungulia mlango Usumani?" aliuliza, akaenda kutandika upya kitanda cha mwanawe.

Kesho yake gari likawashusha Rusumo, mpakani mwa Tanzania. Walivuka daraja kwa miguu, mto unanguruma chini, Umulisa ameangalia nyuma njia nzima. Ng'ambo akakaa juu ya begi, akalia kwa sauti. Twahiru akapiga magoti mbele yake, akafungua mdomo uliovimba atafute neno la kumwambia.

Umulisa akamwekea kiganja midomoni, polepole asimuumize. "Usiseme kitu," akamwambia. "Kaa hapa karibu yangu tu."

Akakaa.