Hatetemeki, Basi Mzima?

Hili hutaliamini, lakini lilitokea mchana kweupe, watu wanaona!

Kinyonga ni fundi rangi. Mkewe ndiye mchanganya rangi na mshika ngazi. Siku hiyo walikuwa wanapaka ukuta wa ghorofa. Mara Kinyonga akaacha brashi, akacheka.

"Mke wangu, ukuta unapumua!"

"Acha utani, paka rangi."

"Hapa pana sakafu. Ngoja nipite."

Akainua mguu, akauweka hewani!

"Baba watoto, usikanyage!" Mke akapanda mbio, akamdaka mkanda. Ngazi ikayumba. Akamshusha polepole, huku akitetemeka yeye.

Sababu aliijua. Kinyonga huweka ulimini vikaratasi vya dawa ya kulevya, ile ya kumwonyesha mtu yasiyokuwepo. Kaka yake Kinyonga aliwahi kumfungia chumbani siku kadhaa, amchunguze.

"Hatapiki, hatetemeki, hana arosto ya kukosa dawa," kaka alisema. "Huyu si teja, shemeji. Arudi kazini."

Ndipo akarudi ngazini!

Jioni mke akamweleza jirani yao, nesi.

"Shemeji yako kakupoteza," nesi akasema. "Akiacha dawa hizi, si lazima atetemeke. Angalia maisha yake. Kikaratasi kimoja bado kinamtosha?"

"Wapi! Anaongeza."

"Amejaribu kuacha?"

"Kila mara. Anarudi palepale."

"Na kazi?"

"Wateja wametukimbia. Hata wanawe hachezi nao."

"Anatumia huku anajua atapanda ngazi?"

Mke akaitikia kwa kichwa. Machozi yakamtoka.

"Hizo ni dalili za utegemezi. Ila daktari ndiye athibitishe, maana hata ugonjwa mwingine huonyesha watu mauzauza."

Kumbe Kinyonga yuko mlangoni!

"Kwa hiyo mimi teja?"

"Wewe mgonjwa, jirani. Na unatibika."

"Mimi mzima! Kesho kazini."

"Nenda," mke akasema. "Ngazi sishiki mpaka umwone daktari. Uambie ukuta wako unaopumua ukushikie."

Mwisho Kinyonga akakubali. Asubuhi wakaenda hospitali.

Daktari alimuuliza maswali yaleyale na mengine, akampima, akathibitisha: utegemezi. Kinyonga akaanza ushauri nasaha. Aliteleza mara moja, akatumia tena, lakini mwenyewe akamwambia mkewe, akaendelea na matibabu. Leo anapaka kuta akiwa timamu, na wateja wanarudi.

Sasa niambie wewe: kaka mtu anasema mzima, mume anasema mzima. Ungegoma, au ungeishika ngazi?