Kaseti ya Daraja la Kumi

Kila Jumamosi asubuhi, akishaosha vyombo, binti mmoja wa darasa la sita alikwenda kwenye karakana ya shangazi yake. Shangazi alikuwa fundi wa mashine za michezo ya video, zile za zamani zinazotumia kaseti. Shangazi alishika bisibisi, binti akashika kompyuta. Kwa sababu hiyo shangazi alimpachika jina la Karani, naye alilipenda kuliko jina lake halisi.

Kazi yake ilikuwa kutunza kanzidata, yaani orodha kubwa ya kaseti zote ambazo wakusanyaji wanazijua. Mtu akipata kaseti, alituma picha ya mbele, ya nyuma, na namba yake. Karani aliiingiza, kisha akapanga daraja la uadimu. Kaseti zilizozagaa kila mahali zilipata moja. Ile ambayo imeonekana moja tu ilipata kumi.

Katika orodha nzima, yenye kumi ilikuwa Mbio za Konokono peke yake. Na mwenyewe alikuwa nani? Karani! Babu yake ndiye aliyempa. Mchezo wenyewe ulichosha ajabu, maana konokono ni konokono tu, lakini hilo halikumzuia kutembea shuleni kichwa juu.

Jumamosi moja aliamka na furaha yake. Fundi cherehani wa mtaa wa pili, naye mkusanyaji, angekuja saa sita wabadilishane. Angemwachia Karani mashine yake pamoja na pedi mbili za kuchezea, achukue konokono. Karani hakuwa na mashine nyumbani. Alikuwa ameshaitengea nafasi mezani.

Saa tatu ujumbe ukaingia. Muuguzi mmoja, akisafisha stoo, alikuta boksi lenye Mbio za Konokono kumi na nne! Picha zilikuwa safi na namba zilisomeka.

Karani akapiga hesabu. Kaseti zikiwa kumi na tano, daraja lingeshuka hadi tano.

"Kuna jipya?" shangazi aliuliza bila kuinua kichwa.

"Hamna, shangazi."

Akauhamishia ujumbe kwenye jalada la picha mbovu, akajitia hamnazo.

Saa sita fundi cherehani aliingia na mashine iliyofungwa kwa kitambaa. Aliiweka mezani, lakini mkono wake haukutoka juu yake.

"Hii tulikuwa tukicheza na marehemu mdogo wangu," alisema. "Ona huu ufa. Aliiangusha, akakimbilia uvunguni!"

"Una uhakika unataka kuitoa, kaka?" shangazi aliuliza.

"Ingekuwa kwa kaseti nyingine, nisingeitoa ng'o. Lakini ya daraja la kumi! Nimeiangalia orodha asubuhi hii. Na orodha yenu, dada, haijawahi kunidanganya."

Karani alikuwa ameshanyoosha mkono kumpa kaseti. Akaurudisha, macho yakamjaa machozi.

"Usinipe mashine," alisema. "Si ya daraja la kumi. Zimepatikana nyingine kumi na nne. Ujumbe uliingia saa tatu, nikauficha."

Shangazi aliweka bisibisi chini. Alizitazama picha moja moja, kisha akasema, "Ingiza."

Fomu ilikuwa na sehemu ambayo Karani hakuwahi kuijaza: Sababu ya kuchelewa.

"Niandike nini, shangazi?"

"Yaliyotokea."

"Lakini wakusanyaji wote watasoma!"

"Watasoma."

Vidole vyake, ambavyo siku zote vilikimbia, sasa vilitambaa kama wale konokono. Aliandika: Niliuficha ujumbe, kwa sababu kaseti ya daraja la kumi ni yangu. Kumi ikawa tano.

Fundi cherehani aliifunga tena mashine yake. Mlangoni akageuka. "Jumamosi ijayo njoo na shangazi yako, mlete hao konokono tuwaone. Nina pedi mbili, na ya pili haina mtu wa kuishika."

Alipoondoka, Karani aliinuka kwenye kiti. Hakudhani kama bado kilikuwa chake.

"Yule bwana alisoma daraja uliloliandika," shangazi alisema, "akatoka nyumbani na kumbukumbu ya ndugu yake mikononi. Hakutuuliza mara mbili. Watu wanatuamini hivyo kwa sababu tunaandika kweli hata inapotuuma. Ukiandika ile inayokufaa tu, hiyo si orodha tena, ni porojo."

"Nisamehe, shangazi."

Shangazi aliokota bisibisi yake. "Haya, kaa, Karani. Kuna ujumbe mwingine umeingia."